Nukuu ndani ya insha: nukta ikae wapi, na “kwamba” ina kosa gani?

Mwanafunzi_KahawaSukari aliuliza:

Habari zenu. Ninaandika insha ya fasihi ya kurasa nane kuhusu riwaya inayosimulia maisha ya wapangaji hapa Nairobi. Mtindo unaotakiwa wa kutaja vyanzo ni APA. Hoja ninazo, ila nukuu zinanichanganya. Hizi hapa nne. Maneno nimeyabadilisha, lakini alama nimeziacha kama nilivyoziandika:

(1) Mwandishi anasema kwamba, “Nilipofika mjini nilikuta milango yote imefungwa”. (uk. 12)

(2) Wapangaji wana shida. “Maji yanakuja mara moja kwa wiki.” (uk. 31) Hii inaonyesha ufukara.

(3) Mpangaji mmoja anauliza “Kwani hatuna haki”? (uk. 62).

(4) Msimulizi anakumbuka, “Mama alinijibu “Maji yakimwagika hayazoleki” akaondoka” (uk. 70).

Naomba mnisahihishie na mnieleze sababu, si jibu peke yake. Pia nina nukuu moja ya karibu nusu ukurasa, na nyingine nimeitoa kwenye makala ya Kiingereza nikaitafsiri mwenyewe. Hizo nazo niziandikeje?

Mhariri_Ngara alijibu:

Ukishika jambo moja, mengi ya haya yatajinyoosha: kila alama ina mwenyewe. Alama ya mtu unayemnukuu hukaa ndani ya alama za mtajo. Alama yako wewe unayeandika insha hukaa nje. Kabla ya kuweka koma, nukta au kiulizi, jiulize ni cha nani.

Sentensi ya 1. Kosa kubwa hapa ni “kwamba”. Neno hilo, sawa na “kuwa” na “ya kwamba”, hufungua usemi wa taarifa. Alama za mtajo pamoja na “ni-” ya msimulizi ni vya usemi halisi. Umevichanganya, kwa hiyo sentensi inasomeka “anasema kwamba nilipofika mjini”, na kisarufi aliyefika mjini ni wewe. Chagua njia moja. Usemi halisi:

Msimulizi anasema, “Nilipofika mjini nilikuta milango yote imefungwa” (uk. 12).

Au taarifa yenye nukuu ndani yake:

Msimulizi anasema kwamba alipofika mjini alikuta “milango yote imefungwa” (uk. 12).

Tazama hiyo ya pili inapofunguka. Vitenzi vilivyobadilika nafsi, “alipofika” na “alikuta”, vimebaki nje. Alama zimefunguliwa pale tu maneno yalipoanza kulingana na kitabu neno kwa neno. Kwa Kiswahili hii ndiyo njia safi kuliko zote, kwa sababu nafsi, wakati na hata ukanushi vyote vimebanwa ndani ya kitenzi. Ukitaka kubadilisha nafsi ukiwa ndani ya nukuu, itabidi upasue kitenzi kwa mabano ya mraba: “[a]lipofika mjini [a]likuta milango yote imefungwa”. Si kosa, na msomaji anaelewa kwamba silabi iliyo ndani ya mabano ni yako. Lakini mabano mawili katika nusu mstari yanachosha jicho. Ukijikuta unahitaji zaidi ya moja, sogeza mbele alama ya kufungua.

Halafu, anayesema “nilipofika” ni msimulizi. Mwandishi ndiye aliyemuumba huyo msimulizi, na huenda hakubaliani naye hata kidogo. Ukiandika “mwandishi anasema”, umemtwika maneno ya mtu mwingine.

Sentensi ya 2. Nukuu hii imesimama peke yake kama abiria aliyeachwa stejini. Haina iliyoileta wala inayoipokea. Ifunge kwenye sentensi yako:

Uhaba wa maji umeshakuwa ratiba: “Maji yanakuja mara moja kwa wiki” (uk. 31).

Koloni imefaa kwa kuwa maneno yaliyoitangulia ni sentensi kamili. Kama ungeandika “Mpangaji analalamika”, koma ingetosha. Na kama nukuu ni kipande tu kinachokamilisha sentensi yako, usiweke alama yoyote kabla yake:

Mpangaji analalamika kwamba maji huja “mara moja kwa wiki” (uk. 31).

Nukta ni moja, nayo inakuja baada ya mabano. Wewe umeiweka kabla, kwa hiyo “(uk. 31)” imebaki hewani, haimo katika sentensi iliyopita wala inayofuata. Mabano ya ukurasa ni sehemu ya sentensi, na nukta ndiyo inayofunga mlango.

Kisha “Hii inaonyesha ufukara”. “Hii” ni nini? Andika “kauli hii”, halafu shika neno lililo ndani ya nukuu yenyewe. “Mara moja kwa wiki” inazungumzia mgao, na mgao si lazima uwe ufukara. Mimi ningeshika “yanakuja”. Mpangaji hasemi maji “yanaletwa”. Anaongea kana kwamba maji yana miguu, kwamba hakuna mtu wala ofisi inayowajibika kuyaleta. Hapo una hoja ambayo nukuu inaithibitisha kweli. Nukuu isiyochambuliwa hata neno moja ingeweza kuondolewa na insha isipungukiwe.

Sentensi ya 3. Kiulizi ni cha mpangaji, kwa hiyo kinaingia ndani. Nukta yako inabaki baada ya mabano, hata kama kiulizi kimeshatangulia:

Mpangaji mmoja anauliza, “Kwani hatuna haki?” (uk. 62).

Linganisha na swali lako mwenyewe: Je, ni kweli kwamba wapangaji hawa “hatuna haki”? Hapo kiulizi ni chako, kiko nje. (Umeona pia kasoro? “Wapangaji hawa” na “hatuna” havipatani. Afadhali: Je, ni kweli kwamba wapangaji hawa hawana “haki”? Upatanisho haupumziki hata ndani ya nukuu.) Na maswali mawili yakikutana, lako na la mhusika, weka kiulizi kimoja tu, ndani.

Sentensi ya 4. Nukuu ndani ya nukuu. Za nje ziwe mbili-mbili, za ndani ziwe moja-moja, na koma zirudi mahali pake:

Msimulizi anakumbuka, “Mama alinijibu, ‘Maji yakimwagika hayazoleki,’ akaondoka” (uk. 70).

Kama nukuu yako ingeishia kwenye methali, alama zote mbili zingefunga pamoja: hayazoleki’” (uk. 70). Mwanafunzi akiona alama hizo zimesongamana hivyo hudhani amekosea, akafuta moja. Usifute.

Kuna watu hugeuza, wakaanza na alama moja-moja nje. Ni desturi ya wachapishaji wengi wa Uingereza na kwao si kosa. Lakini Kiswahili kina ng’. Andika ‘ng’ombe wa maskini hazai’ uone: jicho linaona nukuu imefungwa baada ya “ng”. Ritifaa na alama ya kufunga zina sura ile ile. Ukianza na alama mbili-mbili nje, shida hiyo inapungua sana.

Mwalimu_Umoja alijibu:

Mhariri amefafanua vizuri. Naongeza palipobaki wazi: nukuu isiyo na mabano baada yake.

Kanuni ya “kila alama ina mwenyewe” ndiyo inayofuatwa Uingereza moja kwa moja. APA na mtindo mwenzake MLA zote ni za Marekani, na huko koma na nukta huingia ndani ya alama za mtajo hata kama si za aliyenukuliwa. Kwa hiyo kwa APA utaandika: Anayaita maisha yake “deni lisilokwisha.” Kwa Uingereza: Anayaita maisha yake “deni lisilokwisha”. Koloni na nusu koloni hubaki nje kote kuwili. Kiulizi na kihisishi ndivyo vinavyomfuata mwenyewe kote. Kwa kuwa wewe umeagizwa APA, weka nukta ndani pale ambapo hakuna mabano. Ikiwa maagizo hayataji mtindo, chagua mmoja na uufuate hadi ukurasa wa mwisho. Kuchanganya ndiko kunakoonekana haraka zaidi wakati wa kusahihisha.

Kwa wanaojiandaa kwa KCSE, mtihani wa kidato cha nne Kenya, na wanasoma uzi huu: katika Karatasi ya Insha huhitaji mabano ya kurasa. Ila swali likisema umalizie insha kwa maneno fulani, hayo ni nukuu. Yanakili jinsi yalivyo, usibadilishe nafsi wala njeo, na usiongeze sentensi baada yake. Hii ina maana kwamba kisa chote kipangwe tangu mwanzo ili nafsi ilingane. Maneno yakiwa “Nilijuta”, huwezi kusimulia kisa cha Juma katika nafsi ya tatu halafu ukaruka ghafla kwenye “ni-” mstari wa mwisho.

Katika Karatasi ya Fasihi, “eleza muktadha wa dondoo” yenye alama nne inataka msemaji, msemewa, mahali na sababu ya maneno. Zoezi hilo hilo linafaa chuoni. Kabla hujanukuu, jijibu mambo hayo manne, kisha utie mawili au matatu kwenye sentensi inayotangulia nukuu. Kiambishi “a-” hakisemi kama ni mwanamume au mwanamke, wala ni nani kati ya watano waliomo chumbani. “Alimwambia aondoke” ikitolewa kwenye ukurasa wake inakuwa fumbo. Tia jina ndani ya mabano ya mraba: “Alimwambia [mpangaji] aondoke”.

Na chagua vizuri kitenzi cha kuleta nukuu. “Anadai” inatia shaka, “anakiri” inaonyesha alikuwa akificha, “anasisitiza” inahitaji pawe na mara ya pili. “Anasema” haimchoshi msomaji hata ikirudiwa.

Mhariri_Ngara alijibu:

Mwalimu yuko sahihi kuhusu APA. Ningalipaswa kutaja hilo mwanzoni. Sentensi zako nne hazibadiliki, kwa kuwa zote zina mabano mwishoni.

Mkutubi_Parklands alijibu:

Nijibu hizo mbili za mwisho, nukuu ndefu na tafsiri.

Kwa APA, toleo la 7, mpaka ni maneno 40. Nukuu ya maneno 40 au zaidi hutolewa kwenye aya na kuwekwa peke yake. Anza mstari mpya, jongeza nukuu nzima kutoka kushoto kwa sentimita 1.27, yaani nusu inchi, na uache nafasi ile ile ya mistari kama kwenye insha yote. Usiweke alama za mtajo, kwa kuwa ujongezaji wenyewe umeshatangaza kwamba ni nukuu. Hapa nukta hubadilisha mahali: inakuja kabla ya mabano, na baada ya mabano hakuna kitu. Mhusika akisema jambo ndani ya nukuu hiyo, maneno yake yanabaki na alama mbili-mbili kama kitabuni. Makosa ninayoyakuta mara nyingi ni mtu kujongeza na kuweka alama za mtajo kwa pamoja, au kujongeza mstari wa kwanza tu kama aya ya kawaida.

Kuhesabu, teua kifungu kwa kipanya uangalie idadi chini ya ukurasa wa Word. Hesabu ni ya maneno yaliyotenganishwa kwa nafasi, hivyo “hawakutuambia” ni moja. Maana yake maneno 40 ya Kiswahili hubeba mengi kuliko 40 ya Kiingereza. Nusu ukurasa ndani ya insha ya kurasa nane ni nyingi mno. Kwa maoni yangu, chukua sentensi mbili unazozichambua kweli, hayo mengine yaeleze kwa maneno yako na utaje kurasa. Wanaotumia MLA hawahesabu maneno: nathari ikizidi mistari minne katika ukurasa wako, ndipo inapojongezwa.

Ukikata maneno katikati ya nukuu, weka nukta tatu. Mwanzoni na mwishoni hazihitajiki, kila msomaji anajua kitabu kinaendelea. Chunga usikate “isipokuwa”, “huenda”, “wala” au “si”. “Huenda wapangaji wote walilipa, isipokuwa wa orofa ya tatu” haiwezi kuwa “wapangaji wote walilipa”. Alama zote zitakuwa sawa na nukuu itakuwa uongo.

Tafsiri. Hapa wengi wetu tunaosoma makala za Kiingereza na kuandika Kiswahili tunakosea. Katika APA, kifungu ulichokitafsiri wewe mwenyewe huhesabiwa kuwa wazo lake ulilolieleza kwa maneno yako mwenyewe, si nukuu. Kwa hiyo usiweke alama za mtajo. Andika wazo kwa Kiswahili, taja mwandishi na mwaka, na ukurasa pia ukipenda, unamsaidia msomaji. Sababu ni rahisi: alama za mtajo zinaahidi kwamba maneno haya ndiyo yaliyochapishwa, na mwandishi wa makala hakuandika hata neno moja la Kiswahili. Ikiwa tafsiri imechapishwa kitabuni, hiyo unainukuu kwa alama kama kawaida. MLA inaruhusu alama juu ya tafsiri yako, mradi useme hivyo kwenye mabano: (12; tafsiri yangu).

Ukirejelea sheria, usitaje ukurasa. Kusema kwamba lugha ya taifa ni Kiswahili unaelekeza kwenye Katiba ya Kenya, 2010, Kifungu cha 7(1). Nakala zinatofautiana kurasa, kifungu hakihami.

Jambo la mwisho ni Turnitin, programu inayolinganisha insha yako na maandishi mengine. Mhadhiri anaweza kuiwekea iruke maneno yaliyonukuliwa, lakini inayatambua kwa alama mbili-mbili. Alama moja-moja haizihesabu kuwa nukuu, na alama iliyofunguliwa bila kufungwa huivuruga. Ukiona asilimia imepanda na nukuu zako ni halali, anza kukagua hapo.

Mwanafunzi_KahawaSukari alijibu:

Asanteni sana, walimu wangu. La kwamba na “ni-” sikuwahi kuliona. Nimejaribu upya ya 2: Mpangaji anasema maji “yanakuja mara moja kwa wiki” (uk. 31), kana kwamba hakuna anayeyaleta. Iko sawa? Na nimegundua alama zangu zingine zimenyooka, zingine zimepinda, kwa sababu nusu ya insha niliandika kwenye simu.

Mkutubi_Parklands alijibu:

Iko sawa kabisa. Koma umeiweka baada ya mabano, na ndipo pake.

Alama zilizochanganyika utazinyoosha kwa dakika moja. Ndani ya Word bonyeza Ctrl na H, andika alama ya mtajo katika visanduku vyote viwili, kisha ubadilishe zote. Word ikiwa imewekwa kupinda alama yenyewe, zote zitageuka na kuelekea upande unaofaa. Rudia kwa ritifaa. Halafu pitia kwa macho palipo na mabano au kistari kabla ya alama, hapo hukosea upande. Ukienda kuchapisha kwenye saiba, peleka PDF, maana kompyuta nyingine ikifungua faili hilo inaweza kuhamisha ujongezaji wako.

Mghani_Eastleigh aliuliza:

Niingilie hapo. Mimi naandika juu ya tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti. Koma ya katikati ya mshororo naiacha au naiondoa? Na lahaja?

Mhariri_Ngara alijibu:

Iache. Koma hiyo inatenganisha ukwapi na utao, yaani kipande cha kwanza na cha pili cha mshororo, ukiiondoa umevunja umbo la shairi. Mwisho wa mshororo ndio unaoonyeshwa kwa mkwaju (/), wenye nafasi pande zote mbili. Kwa mishororo hii ya mfano niliyoitunga sasa hivi:

Mshairi anaonya, “Mvua yaja kwa kishindo, watu wakimbia chini / Mto umevunja pindo, maji yafika nyumbani” (ubeti wa 2).

Ukiandika koma badala ya mkwaju, msomaji ataona vipande vinne vilivyofuatana na hatajua mshororo umeishia wapi, wala kina cha kati ni kipi. Herufi kubwa ya “Mto” inabaki kama ilivyochapishwa. Ukivuka kwenda ubeti mwingine, weka mikwaju miwili. Kwa MLA, mishororo mitatu ndiyo mwisho wa kuiweka ndani ya aya. Ubeti mzima wa tarbia una minne, kwa hiyo unajongezwa, kila mshororo kwenye mstari wake, bila mikwaju na bila alama za mtajo.

Lahaja usiiguse. “Nti” na “ndia” si makosa ya kuchapa, ndivyo nchi na njia zinavyotamkwa katika lahaja za kaskazini mwa pwani. Usizisahihishe, na usiweke [sic], yaani “ndivyo ilivyo”, kando yake. [Sic] ni ya kosa la kweli ambalo msomaji angedhani ni lako. Kwa lahaja, toa maana ndani ya mabano ya mraba mara ya kwanza, “ndia [njia]”, basi.

Chunga pia inkisari. Washairi huandika ’mekuja wakiwa wamedondosha silabi ya mwanzo, na Word ikiona ritifaa baada ya nafasi huigeuza kuwa alama ya kufungua: ‘mekuja. Msomaji ataanza kutafuta inapofungwa. Andika herufi yoyote kwanza, kwa mfano x, kisha ritifaa, kisha neno, halafu rudi ufute x. Ritifaa itabaki imepinda upande wake.